Kware Alivyofundishwa Kiingereza

Mwalimu Risolat alipopewa Kiingereza, kijiji kizima cha Kumarik kiliona ni jambo la kawaida, isipokuwa mwalimu Risolat mwenyewe. Alikuwa amefundisha Kirusi tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zilipoanza kuhitaji hina, na sasa vipindi vya Kirusi vilikuwa vimekatwakatwa hadi vikabaki vya kumwonea mtu huruma. Mwalimu wa Kiingereza naye alikuwa amekwenda Korea kuchuma matango kwenye mabanda ya plastiki, kazi ambayo haikumtaka ajue Kiingereza hata kidogo. Mkuu wa shule, Bwana Ergash, akamwita ofisini, akammiminia chai nusu kibakuli kama anavyomiminiwa mtu wa heshima, akamwambia:

"Dada Risolat, wewe umefundisha lugha ya kigeni maisha yako yote. Tunabadilisha ugeni tu."

"Ergash, Kiingereza mimi sijui hata salamu."

"Watoto nao hawajui. Mtakwenda pamoja."

Ndivyo shule zetu zilivyo, na anayecheka hajawahi kukosa mwalimu. Risolat angeweza kukataa. Lakini mwanamke aliyezoea kuitwa mwalimu sokoni, harusini na msibani hakubali kirahisi kurudi kuwa mke wa Normat mfuga kware. Akafunga vitabu vya darasa la tano kwenye kitambaa, akaenda zake nyumbani. Na pale nyumbani, uani, chini ya mzabibu, alikuwepo mtu mwenye shahada ya Kiingereza kutoka chuo kikuu cha Fergana. Mtu huyo alikuwa ameinama, anafagia.

Huyo ndiye Shahlo, mkamwana wake, mke wa Zohid, mwana wao wa pekee anayejenga maghorofa huko Kazan kwa Warusi na kurudi nyumbani wakati wa baridi na begi la chokoleti. Washenga walipokwenda kumposa waliwaahidi wazazi wake kwamba binti atafundisha shuleni, wakamega mkate kuthibitisha. Mkate ukaliwa, na ahadi ikaliwa pamoja nao. Harusi ilipopita, Risolat aliwatangazia majirani: "Mkamwana wangu hatatoka nje kutafuta kazi. Kazi iko hapa tele." Shahada ikalazwa ndani ya sanduku, chini ya magodoro ya wageni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Shahlo ilikuwa ufagio. Iliuma. Kila alipotandika magodoro yale alihisi kama anamfukua mtu aliyezikwa hai kisha anamfukia tena.

Sasa mama mkwe alikaa juu ya kitanda kipana cha uani, kile cha kukalia na kupokelea wageni, akavaa miwani, akafungua kitabu. Alisoma maelezo kimoyomoyo, akakifunga, kisha akaanza kutunga sentensi zake kwa sauti. Tuzitie kwenye lugha tunayosimulia ili tuelewane.

"Mimi mwalimu," alisema kwa Kiingereza. "Huyu paka. Paka samaki anakula."

Ufagio wa Shahlo ukasimama. Kichwani mwake sentensi zote tatu zilikuwa zimeanguka kifudifudi, na vidole vilimwasha kuziinua. Lakini mkamwana hamsahihishi mama mkwe. Hampazii sauti, hampi mgongo, hamwambii hapana. Akiulizwa kama mchuzi umezidi chumvi, atasema maji ndiyo yaliyopungua. Amkosoe vipi mtu ambaye kila alfajiri anamwinamia mkono ukiwa kifuani?

Ipo njia ya zamani, nayo wakwe ndio walioivumbua. "Binti, nakwambia wewe, mkamwana, sikia wewe." Mama mwenye adabu hamkaripii mkamwana ana kwa ana. Humgombeza binti yake mwenyewe, na mkamwana akiwa kando hujua kilichokusudiwa. Risolat hakuwa na binti. Alikuwa na kware wa mumewe, ndege mnene wa rangi ya vumbi, aliyening'inizwa mzabibuni ndani ya tundu la kibuyu. Tangu siku ya kwanza ya ndoa ile, kware ndiye aliyekaripiwa. "Kware, mvivu wewe! Jua liko juu na birika liko baridi!" Shahlo alikuwa akisikia, akikimbilia birika. Kwa hiyo ndege alikuwa kazini zamani, ila alikuwa akipeleka maneno upande mmoja tu.

Shahlo akaegemeza ufagio mtini. Akalisogelea tundu.

"Kware wewe!" alisema. "'Ni' yako umeiacha wapi? Kwetu mtu anaweza kusema 'mimi mwalimu' akaeleweka. Waingereza hawataki. Mimi ni mwalimu. Huyu ni paka. Usiponipa 'ni', sikupi mtama."

Baba Normat, aliyekuwa akisaga mbegu pembeni, akainua uso. Risolat hakuinua wake. Aligeuza ukurasa mmoja, akaurudisha.

"Mimi ni mwalimu," alisema, akimtazama ndege kana kwamba anamshitaki.

"Hapo sawa, kware," alisema Shahlo, akaenda kwenye tanuri.

Wakaendelea hivyo. Kila jioni Risolat alisoma kwa sauti, na kila jioni kware alipata la kwake. Shida kubwa ilikuwa mpangilio. Katika lugha yetu ya Kumarik tendo hukaa mwisho kabisa wa sentensi, na ni jambo la busara, kwa sababu mtu huweza kuanza, "Mkamwana wangu jana pilau ya wageni..." akazitazama nyuso za wanaomsikiliza, ndipo akaamua kama aliipika au aliiunguza. Mwingereza hana subira hiyo. Mtenda mbele, tendo katikati, kitendwa nyuma.

"Kware, mfikirie punda na mkokoteni," Shahlo alikuwa akisema huku akikanda unga. "Punda ndiye mtenda. Mkokoteni ndio kitendwa. Tendo ndiyo kamba iliyo katikati. Ukiitupa kamba nyuma ya mkokoteni, nani atavuta? Paka anakula samaki."

"Na mvua ikinyesha?" Risolat alimuuliza kware. "Mtenda ni nani?"

"Hakuna, kware. Lakini wao hawakubali sentensi bila mtu mbele. Wanaweka kineno kidogo pale, kishike nafasi."

"Yaani hata mvua lazima apatikane wa kusingiziwa!"

"Ndivyo walivyo, kware."

Baba Normat alilalamika kwamba ndege wake ameacha kuimba. "Anaogopa," alisema. "Akifungua mdomo tu anadhani atasahihishwa." Hakuna aliyemjali. Ng'ombe hazeeki maini, na Risolat alikuwa mwanafunzi hodari. Kosa alilokosolewa jana hakulirudia leo. Shuleni alisema sentensi na darasa zima likairudia kwa sauti moja, ikasikika mpaka barabarani, maana ndivyo alivyofundisha Kirusi na hakuiona sababu ya kubadilisha. Watu wakaanza kusema kuwa Risolat ana kipaji. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ilikuwa jikoni inaosha sufuria.

Shahlo aliujua upumbavu wake. Kadiri alivyomfundisha mama mkwe vizuri, ndivyo alivyozidi kuifunga ile nafasi ambayo ingekuwa yake. Risolat angeshindwa, Bwana Ergash angetafuta mwalimu mwingine, na mwenye shahada kijijini alikuwa mmoja tu. Mara nyingi lilimjia wazo la kumwachia kware makosa mawili matatu. Alilifukuza. Aliona kuwa mwalimu anayefundisha uongo kwa makusudi ni sawa na mpishi anayetemea mate chakula, na zaidi ya hayo, alikuwa akiipenda saa ile ya jioni kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Hilo hakumwambia mtu, hata kware.

Jambo moja tu lilimkera Risolat mpaka mwisho.

"Babu anakunywa maji," alisoma siku moja. "Mbuzi anakunywa maji." Akavua miwani. "Kware, hebu nieleze. Kwetu tukimtaja mzee, tendo lenyewe linainama. Kila mtu anasikia kuwa ametajwa mzee. Hawa wanamsemea babu kama wanavyomsemea mbuzi?"

"Sawasawa kabisa, kware."

"Basi hawakulelewa hao," alisema Risolat, na chakula cha jioni alikula bila hamu.

Bwana Ergash alikuja siku ya mapumziko, akakaribishwa pale kitandani penye mto wa heshima. Alileta habari mbili. Ya kwanza, kamati ya elimu kutoka wilayani ingekuja Alhamisi kutazama somo la wazi, na somo walilochagua ni la mwalimu Risolat. Ya pili aliileta kwa kuzungukazunguka, akimtazama Shahlo aliyesimama karibu na mlango na birika mkononi.

"Darasa la saba na la nane bado hayana mtu wa Kiingereza. Nasikia mkamwana wako alisomea."

Haya ndiyo maneno aliyoyangoja Shahlo tangu mkate ule umegwe.

Risolat alicheka kidogo, kile kicheko cha kuwaonyesha wageni kuwa nyumba ina amani. "Alisomea, ndiyo. Lakini kusomea na kujua ni vitu viwili, Ergash. Ameshasahau yote. Siku hizi ananiuliza mimi."

"Basi ana bahati kukaa na mwalimu ndani ya nyumba," alisema Bwana Ergash.

Shahlo akainama, akakichukua kibakuli cha mgeni, akamimina chai. Alimimina mpaka ukingoni, ikajaa, ikatetemeka. Kila mtu bondeni kwetu anajua maana ya kibakuli kilichojaa: kunywa, uondoke. Bwana Ergash alikitazama, akakinywa kwa haraka mpaka akaungua ulimi, akakumbuka kuwa ana shughuli. Risolat naye alikitazama.

Jioni, mama mkwe alipofungua kitabu kama kawaida, Shahlo alikuwa akikanda. Ngumi zake ziliushindilia unga kama ulimkosea yeye. Ameshasahau yote. Ananiuliza mimi. Akaifuta mikono, akaliendea tundu, na sauti iliyomtoka ilikuwa tamu mno.

"Kware, kuna jambo nilikuficha kwa kuwa ulikuwa bado mchanga. Waingereza nao wana heshima. Ukimtaja mtu mzima, tendo halikai katikati. Linangoja mwisho kabisa, kama kijana anavyongoja mlangoni mpaka wakubwa wakae. Mbuzi anakunywa maji. Lakini: babu maji anakunywa."

Risolat aliweka kitabu chini. Uso wake ukafunguka namna ambayo Shahlo hakuwahi kuiona, hata siku ya harusi.

"Nilijua," alisema taratibu. "Nilijua haiwezekani. Taifa zima haliwezi kukosa adabu." Akarudia mara kadhaa: babu maji anakunywa, bibi mkate anaoka, akitabasamu kila tendo lilipofika mwisho na kukaa mahali alipolizoea maisha yake yote. Kisha akafanya jambo jipya. Alichukua mkate uliotoka tanurini, akamega, akamsogezea Shahlo kipande bila kumpitia ndege.

"Kula, mwanangu. Umechoka."

Shahlo alitaka kusema ukweli pale pale. Mdomo ulikuwa umejaa mkate. Baadaye alijiambia kwamba ni mkate uliomzuia, lakini haikuwa kweli. Alikuwa bado na hasira, na hasira ilikuwa ikimstarehesha. Mkate ule haukumshuka vizuri.

Alhamisi ikafika. Kamati nayo ikafika, watu watatu ndani ya gari moja: Bwana Turdali, mwenyekiti, mzee wa heshima aliyewahi kufundisha mazoezi ya viungo, mwanamke mmoja wa hesabu, na kijana aliyekuja kwa sababu gari lilikuwa na nafasi. Kiingereza chao wote watatu ukikichanga pamoja kingetosha kuagiza soda. Kamati haitazami somo bila kulishwa, kwa hiyo Shahlo aliitwa kupika pilau, na sufuria kubwa ikawekwa uwanjani, chini ya dirisha la darasa lenyewe. Alisikia kila kitu.

Alimsikia Risolat akieleza punda na mkokoteni. Alisikia mtenda, tendo, kitendwa, na darasa likirudia. Alisikia mvua na yule wa kusingiziwa, na kamati ikicheka. Kila neno lilikuwa lake, na mfano ulikuwa wake. Akakoroga karoti, akangoja ile sehemu aliyoitega.

"Sasa," alisema Risolat ndani, kwa sauti ya mtu anayefunua sinia, "tufike kwenye kanuni ya heshima."

Akaieleza. Akaieleza vizuri kuliko alivyoelezwa, pamoja na ule mfano wa kijana anayengoja mlangoni mpaka wakubwa wakae. Kisha darasa zima likasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti moja ya kutikisa vioo: "Mbuzi anakunywa maji! Babu maji anakunywa!"

Shahlo alingoja kicheko, au kikohozi, au mtu wa kusema samahani mwalimu. Ndani, kiti kikaburuzwa. Bwana Turdali alikuwa amesimama.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na majimaji, "miaka yote hii nimekisikia Kiingereza kwenye televisheni, nikadhani ni lugha ya watu wasio na wazazi. Wajukuu zangu wanakisema mezani, na mimi nasononeka. Kumbe! Kumbe nao wanawaheshimu wazee, ila hatukuwa na mwalimu wa kutuambia." Akajipangusa macho kwa ukingo wa kofia yake. "Jumatatu nitawaleta walimu wa Kiingereza wa wilaya nzima. Waje wajifunze hapa."

Wakapiga makofi. Watoto wakafurahi, wakairudia sentensi bila kuombwa: babu maji anakunywa, bibi mkate anaoka, baba gari anaendesha. Shahlo alisimama na mwiko mkononi, mvuke ukimpiga usoni. Alikuwa ametaka kumwona mwanamke mmoja akijikwaa mbele za watu. Sasa lilikuwa limejikwaa darasa zima, na Jumatatu ingejikwaa wilaya. Na katika walimu wote hao wangekuwepo wawili watatu wanaokijua Kiingereza kweli, nao wasingelia kama Bwana Turdali. Aliona haya. Pilau ikaanza kunuka kuungua, na kamati ilipoila ikasema haijawahi kula pilau yenye harufu nzuri ya moshi namna ile.

Kesho yake mchana, baada ya vipindi, Risolat alikuwa amelala kitandani pake chini ya mzabibu, miguu juu ya mto, anang'aa. Majirani walikuwa wametoka kumpongeza. Baba Normat alikuwa akimbembeleza ndege kwa mtama. Shahlo alikuja na ufagio, akausimamisha mbele yake kama fimbo.

"Kware," alisema, akaishia hapo. Akaanza tena. "Kware, kanuni ya heshima haipo. Waingereza hawana. Niliitunga mimi. Babu anakunywa maji, na mbuzi anakunywa maji, na hakuna tofauti. Nilijua, na nilikufundisha uongo kwa makusudi, ili... ili uanguke."

Baba Normat akaacha kumwaga mtama. Risolat hakusogea. Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda kama taa iliyosahauliwa, kisha likazimika. Alizeeka pale pale, na Shahlo akatamani angepigwa.

"Kware," alisema Risolat hatimaye, akitazama majani ya mzabibu. "Siku ile Ergash alipokuja, kibakuli kilijaa. Nilikiona."

"Nilisema uongo mbele ya mgeni. Nilijua ni uongo. Niliogopa, kware. Mtu akikaa darasa la saba, na mwingine darasa la tano, watoto watalinganisha." Akakaa, akateremsha miguu, akatafuta kandambili zake kwa vidole. "Basi wewe na mimi tumelipana. Lakini uongo wangu ulimdhulumu mtu mmoja. Wako umewadhulumu watoto. Heshima! Na mimi nilivyoipenda ile heshima!" Hapo sauti ikamkatika, akaikusanya. "Umelikoroga, kware, utalinywa. Kesho ni Jumamosi na shule ipo; asubuhi utavaa viatu, utakwenda shuleni, utayafuta yale kwa mkono wako kabla ya Jumatatu. Mimi presha imenipanda. Imepanda sana. Haitashuka mwaka huu."

"Mama..." alisema Shahlo.

"Sisemi na wewe. Nasema na kware."

"Huyu ndege haendi popote," alisema Baba Normat, akalikumbatia tundu.

Asubuhi Shahlo alitoa shahada chini ya magodoro, akavaa viatu vya chuo ambavyo vilikuwa vimegoma kuusahau mguu wake. Alipofika langoni alisikia ufagio nyuma yake. Mama mkwe alikuwa ameinama, anafagia kwa nguvu na vibaya, vumbi lote linarudi lilikotoka. Shahlo alisita. Akarudi hatua mbili.

"Kware," alisema kwa upole, "maji kwanza. Nyunyiza maji kidogo, ndipo ufagie."

"Nenda zako, kware, utachelewa!" alijibu Risolat, lakini akaenda kuchukua ndoo.

Bwana Ergash alimpokea mlangoni mwa darasa la tano. Alikwishapata habari za presha, na hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alichotaka ni kitu kimoja.

"Binti, sikiliza. Fundisha unavyojua. Ila ile kanuni ya heshima usiiguse. Wilaya imeipenda. Bwana Turdali ameshawapigia simu watu wa mkoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba," alisema Shahlo, ambayo si sawa na kukubali, na kila mkamwana anaijua tofauti.

Akaingia. Bwana Ergash akabaki nje, chini ya dirisha, mikono nyuma.

Darasa zima likasimama. Na kwa Kiingereza, bila kuambiwa, kwa sauti moja, likamsalimu: "Mwalimu wetu darasani ameingia!"

Tendo lilikuwa mwisho kabisa, limengoja mlangoni mpaka yeye akae.

Hakuna mtu Kumarik aliyewahi kumpa Shahlo heshima ya namna hiyo. Nyumbani chai ililetwa, ua ulifagiwa, pilau ilipikwa, na katika sentensi hizo zote mtenda hakutajwa. Sasa watoto hawa walimtaja, na tendo likainama nyuma yake. Ilikuwa tamu. Aliiacha ikae masikioni kidogo, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alijua anafanya hivyo.

"Kaeni," alisema. Akachukua chaki, akaandika ubaoni, akageuka. "Tunasema hivi: mwalimu wetu ameingia darasani."

Watoto wakatazamana. Msichana wa mbele, mwenye misuko mingi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani wewe si mtu mzima?"

"Ni mtu mzima."

"Mbona tukuseme kama mbuzi?"

"Kwa Kiingereza babu, mbuzi, mimi na mkuu wa shule, wote tunasemwa namna moja."

Nje ya dirisha mtu alikohoa kwa onyo.

"Lakini mwalimu Risolat alisema kuna heshima," alisema msichana, na sasa sauti yake ilikuwa na machozi kwa mbali. "Na mwalimu Risolat hasemi uongo. Nani kasema uongo?"

Shahlo akafungua mdomo, na macho yake yakapanda juu, kwenye kona ya dari, dirishani, kwenye ndoano ya ramani. Alikuwa akimtafuta kware. Hapakuwa na kware. Palikuwa na watoto, ubao, na yeye. Angeweza kusema kosa lilitokea, kanuni ilichanganywa, mambo yaliharibika. Lugha yetu ina nafasi tele za kujificha. Lakini alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na Kiingereza kinataka mtu mbele.

Akageukia ubao. Akaandika mtenda, akaandika tendo, akaandika kitendwa, kila kimoja mahali pake. Kisha akaisoma kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti ya kusikika:

"Mimi nilimdanganya mwalimu Risolat."

Na darasa, kwa kuwa lilifundishwa kurudia kila sentensi ya mwalimu, likavuta pumzi, likaitoa kwa sauti moja, ikapita dirishani, ikavuka uwanja, ikafika mpaka barabarani:

"Mimi nilimdanganya mwalimu Risolat!"

Nje ya dirisha Bwana Ergash, ambaye katika Kiingereza chote kile alilishika jina tu, alitabasamu kuona mwalimu aliyemtangulia Shahlo ametajwa kwa adabu, akapiga makofi.